Daktari Aliyemfundisha Mbwa Wangu Kufunga

Jina lake silitaji, wala si kwa heshima. Wanaoandika juu ya wazee waliowafahamu huficha majina ili wasiwaaibishe watoto wao. Mimi naficha kwa kisasi, na kabla sijamaliza utajua kwa nini kisasi changu kimechukua sura hiyo. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo waulize wa kwao. Nilimjua akiwa tayari mtu mzima: daktari wa mifugo hapa Mususa, upande wetu wa Butembo, mzee wa kanisa letu, na mteja wangu wa kushona. Mtaa mzima ulimwita Docteur. Nami nitamwita Daktari, ingawa kila nikiliandika neno hilo mkono unakuwa mzito.

Niseme kwanza vidole vyake. Vya mkono wa kulia vilikuwa vya zambarau mwaka mzima, maana kazi yake ya asubuhi ilikuwa kugonga muhuri kwenye nyama kule machinjioni, na wino ule hausikii sabuni. Siku ya Meza ya Bwana alipitisha sahani ya mkate kwa vidole hivyo hivyo, na watoto wakadhani rangi ile ni sehemu ya cheo. Wachinjaji walimwogopa. Akikata ini akakuta minyoo, ini lilifukiwa shimoni hata kama ng'ombe alikuwa wa mkubwa gani, na mwenye ng'ombe alisimama pale akifunga na kufungua mdomo. Hakuwahi kupitisha nyama mbovu. Naliandika hilo kwa uchungu, kwa sababu ningependa sana awe mwizi. Mwizi ningemmaliza kwa maneno sokoni ndani ya wiki moja.

Kitu ambacho hakuwahi kukisema ni "sijui." Umuulize juu ya mbuzi, juu ya bomba la maji, juu ya mkwe anayenuna, alikuwa na jibu kabla hujafika mwisho wa swali. Alianza kwa kukupigapiga begani, kisha akasema, "Ni kitu kidogo tu, mama." Ng'ombe amevimba tumbo: kitu kidogo. Upepo umeondoa bati za shule ya Jumapili: kitu kidogo. Siku mume wangu alipolala na homa ambayo haikumwachia, Daktari alikuwa wa kwanza kufika nyumbani, na alisema hivyo hivyo, kitu kidogo. Mume wangu tulimzika. Hilo sikumlaumu, maana hakuwa daktari wa watu na hakujaribu kuwa. Alibeba jeneza mpaka makaburini, kisha akabaki kutengeneza ua wangu ulioangushwa na waombolezaji. Ndiyo shida ya mtu huyu. Ukitaka kumchora mweusi, anakuletea nyundo na misumari.

Halafu kufunga. Dawa yake ya kwanza kwa kila kiumbe ilikuwa kufunga chakula. Mbuzi hashiki mimba, afunge. Kijana amefeli mtihani, afunge, na baba yake pia. Habari mbaya za vita zikitoka upande wa Beni, na zilitoka mara nyingi, kanisa liliitisha wiki ya maombi, na yeye ndiye aliyesimama mbele kututangazia nani atafunga siku gani. Wiki hizo aliwataka watu wawazuie hata kuku wasile mpaka jioni, kwa sababu huko Ninawi mfalme aliamuru wanyama nao wafunge, na Mungu akauhurumia mji. Wapo waliocheka chinichini. Lakini ukipita Mususa wiki ya maombi ungesikia kuku wakilia ndani ya vibanda vyao mchana kutwa, kila nyumba ya kanisa letu.

Na mwenyewe alifunga kweli. Najua, kwa sababu suruali zake zilipita kwenye mashine yangu. Kila baada ya wiki ya maombi alikuja nipunguze kiuno, na kila mara kitambaa cha kukunja ndani kiliongezeka mpaka mifuko ya nyuma ikakaribia kugusana. Angekuwa mnafiki anayetafuna karanga nyuma ya kanisa, ningemchukia kwa raha zaidi.

Sasa mbwa. Baada ya mume wangu kufariki nyumba ilinyamaza mno. Nilikuwa naacha mashine ya kushona izunguke bila uzi, nisikie kitu tu. Mdogo wangu anakwenda Kampala kununua nguo za kuuza, na safari moja alirudi kwa njia ya mpaka wa Kasindi na kikapu ambacho hakutaka mtu akiguse. Ndani alikuwepo mbwa mdogo mweupe, jike, wa aina ile ambayo hata akikomaa unambeba kwa mkono mmoja. Majirani walikuja kutazama. Sisi tunafuga mbwa wa kulinda, wanakula mabaki ya bugali na kulala nje. "Mama, hii ni mbwa ao ni sungura?" waliniuliza, na mimi nikawaambia kila mtu aangalie cha kwake. Alilala kwenye vipande vya kitenge chini ya meza yangu. Nikikanyaga pedali ya mashine, aliweka miguu ya mbele juu ya kiatu changu na kupanda na kushuka nayo. Nilimpa jina siku ile ile. Nilikuwa naliita mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa kupenda tu kuita mtu ndani ya nyumba.

Pamoja naye ulikuja mfuko wa chakula kikavu, zile punje tunazoziita krokete, ndogo ndogo, za watoto wa mbwa wa aina yake. Mwanamke wa Kampala aliyemuuza alikuwa amemwagiza mdogo wangu: kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Nilifuata. Lakini mfuko una mwisho, na barabara ikawa mbaya, mdogo wangu akakwama upande wa pili kwa majuma. Sokoni kulikuwa na mtu aliyepima krokete kwa kopo kutoka kwenye gunia lililo wazi. Hakujua ni za mbwa wa aina gani, na kila punje ilikuwa kubwa kuliko meno ya mbwa wangu yote kwa pamoja. Nilimlowekea kwa maji ya moto, akanusa, akanitazama kama ninayemtania. Ndipo nikafanya kile ambacho kila mtu wa Mususa angefanya. Nikamuuliza Daktari, alipokuja kupunguziwa suruali.

"Docteur, hii yenye banauzisha ku soko, ao nyama? Nimupe nini?"

"Croquettes?" Alicheka. "Ile ni biskuti, mama. Unga na rangi. Angalia meno yake. Mungu alimuwekea meno ya nyama, hapana ya biskuti. Umupe nyama mubichi."

"Mais iko kidogo sana," nilipinga.

"Simba pia ilikuwaka kidogo."

"Mwenye aliuzishia mudogo wangu alisema croquettes ya batoto, mara mingi mu siku."

"Ule iko Kampala. Miye niko hapa." Alinipigapiga begani. "Ni kitu kidogo tu."

Kesho yake alileta nyama mwenyewe, kipande safi cha ng'ombe, kimefungwa kwa jani la mgomba na alama ya muhuri wake pembeni. Hakutaka hata asante. Nilikikata vipande vidogo sana kwa mkasi wangu wa kazi. Nisiseme uongo: mbwa wangu aliipenda nyama ile mpaka akawa anakimbia mlangoni akisikia viatu vya Daktari. Manyoya yalianza kung'aa. Daktari akakaa kwenye stuli yangu akimtazama anavyokula, amejaa furaha, akisema, "Unaona hii kitu? Unaona?" Hii kitu. Hii mbwa. Kila mara nilimwambia jina, na kila mara alitikisa kichwa kama amesikia, kisha akaendelea na hii kitu.

Halafu tumbo la mbwa likafunguka, akaanza kuharisha. Inatokea, mtoto akibadilishiwa chakula ghafla, na nyama mbichi ya kwetu husafiri juani kabla ya kufika nyumbani. Nikamwita Daktari. Ilikuwa wiki ya maombi.

"Tumbo yake imechoka," alisema. "Tuipumzishe. Leo na kesho, hapana kumupa kitu. Maji tu."

"Kesho yote, Docteur?"

"Ninawi yote ilifunga, na banyama pia. Hakuna yenye ilikufa."

Nikatii. Na mimi nilikuwa nafunga, basi tukafunga wawili. Alikuja mara nyingi kwenye sahani yake, akalamba udongo wa chini yake, akaja kulamba mkono wangu. Nilimweka mapajani nikamwimbia wimbo wa kanisa. Asubuhi ya pili alisimama akaenda kama mlevi, miguu ya nyuma ikipishana. Mwili mzima ulitetemeka, na fizi zake zilikuwa zimepauka. Nikapiga simu, Daktari akaja mbio kutoka machinjioni, wino bado mbichi vidoleni.

"Anatetemeka, Docteur."

Alimshika, akamgeuza, akamrudisha mikononi mwangu. "Ni baridi. Butembo iko baridi, mama. Mufunike tu. Ni kitu kidogo."

Nikamfunika kwa kitenge kipya, kile cha harusi ya mtu. Alikufa juu ya meza yangu ya kushona kabla ya saa sita mchana, kati ya mkasi na chaki. Nilipompigia Daktari tena alisema, "Pole, mama. Mais ni mbwa. Nitakuletea ingine ya kweli, ya kulinda parcelle." Nikakata simu. Hilo alilichukua kuwa ni asante.

Mdogo wangu aliporudi alimpigia yule mwanamke wa Kampala, nami nikasikiliza. Mwanamke hakuuliza juu ya nyama wala krokete. Aliuliza kitu kimoja: "Mulimuacha na njaa?" Kisha akaeleza taratibu, kama mtu anayezungumza na wafiwa. Watoto wa aina hiyo hawana akiba mwilini. Wakikosa chakula sukari ya damu inashuka, wanatetemeka, wanayumba, wanakufa. Mngempaka asali kwenye fizi, alisema, angeamka mikononi mwenu.

Asali nilikuwa nayo. Asali ya Kalunguta, chupa nzima, juu ya kabati, karibu na ile meza. Niliitazama mpaka mdogo wangu akaigeuza ikatazama ukuta. Tangu siku hiyo sitoki nyumbani bila kichupa cha asali ndani ya mkoba. Watu wanafikiri ni kwa ajili ya kikohozi.

Ndipo nikaanza vita ambavyo upande mmoja haukujua kama vipo. Nilihama benchi kanisani nisipokee mkate kutoka kwa vidole vile. Nilipoona mtu ana mbwa mdogo, na siku hizi wapo kadhaa mjini, nilimsimamisha hata kama simfahamu. Wananiuliza, krokete au nyama? Nawaambia mpe unachopata kisafi, mpe kidogo kidogo, mpe mara nyingi, na usimuulize mzee wa kanisa. Katika kikundi cha maombi cha akina mama niliombea maadui zetu kwa namna ambayo mama mchungaji alifungua jicho moja. Niliomba Daktari aonje. Nilitumia neno hilo hilo: aonje.

Kisha nikashona. Alileta koti lake la uzee wa kanisa nilitengeneze kwa ajili ya sikukuu ya mavuno, siku ambayo angesoma Neno mbele ya wageni waliotoka mpaka Kirumba. Nilitengeneza vizuri sana, na mifuko yote nikaifunga kwa ndani, mshono mdogo, wa kurudia. Miwani yake alikuwa akiitia mfukoni mwa koti hilo kabla ya kuingia ibadani. Kwa kuwa mfuko ulikataa, aliiacha kwenye meza ya ofisini akasahau. Alisimama mimbarini, akapapasa kulia, akapapasa kushoto, akapapasa kifuani, na watu wakaanza kunong'ona. Nikainuka kidogo nimwone vizuri. Basi akafunga Biblia, akafumba macho, akaisema sura nzima kwa kichwa, bila kukosea, kwa sauti ambayo ilimliza mchungaji. Baada ya ibada alinijia. "Mama, ile koti ni muzuri sana. Mais mifuko umesahau kufungua." Na akacheka, na akanishukuru, na nikatamani kumchoma sindano.

Hakuna kinachochosha kama kumchukia mtu ambaye kila asubuhi anakusalimia kwa furaha. Baadaye alistaafu, akahamia Beni kwa binti yake. Niliamini mambo yameishia hapo, nami sijalipwa.

Mwaka huu nilikwenda Beni kupeleka nguo za harusi. Siku ya kurudi nilikaa kwenye benchi la kituo cha magari, tukisubiri magari mengine yafike ili tuondoke kwa msafara, kama desturi ya barabara ile. Jua lilikuwa kali. Beni si Butembo. Beni ukivaa sweta watu wanafikiri unaumwa. Mzee mmoja mwembamba akaja na begi dogo, akaketi ubavuni mwangu, na kabla sijamtazama uso nikaona vidole. Zambarau ilikuwa imepauka lakini ilikuwepo.

"Mama wa mashine!" alisema. Alifurahi kweli. Alinishika mikono yote miwili, akauliza habari za kanisa, za mtaa, za ua wangu. Alikuwa anakwenda Butembo kwenye wiki ya maombi. Akaniambia wamemkuta na ugonjwa wa sukari, kila asubuhi anajidunga sindano ya kushusha sukari.

"Ku hôpital banasema nisifunge tena," alisema. "Nikabaambia, ni kitu kidogo."

"Leo umekula, Docteur?"

"Aa, hapana. Tuko mu maombi." Alitabasamu. "Sindano nilipiga. Chakula, magaribi."

Tuliendelea kuongea, au yeye aliendelea. Kisha maneno yake yakaanza kupotea njia. Aliniuliza habari za mume wangu, ambaye alimbeba yeye mwenyewe mpaka kaburini. Jasho likamtoka usoni na shingoni. Alijaribu kusimama, miguu ikapishana, akarudi kukaa. Mikono ikatetemeka, kisha mabega, kisha mwili wote. Midomo ilikuwa imepauka. Mimi nilikuwa nimeyaona yote hayo, kwa mpangilio huo huo, juu ya meza yangu.

Naye akanitazama na kusema, kwa sauti ya mtoto, "Mama, niko na nini?"

Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mkoba, umeshika kichupa. Haukutoka. Uliachia kichupa, ukachukua kitenge. Nikakikunjua katika joto lile la Beni, watu wote wa kituo wakitazama, nikamfunika magoti, tumbo, kifua, nikakikaza mabegani. Nikampigapiga begani.

"Ni baridi, Docteur," nikamwambia. "Ni kitu kidogo."

Ilikuwa tamu. Sitadanganya mtu yeyote, hata mchungaji wangu. Utamu ule ulinijaa kinywa chote, na kama ungedumu kidogo zaidi, nisingejua leo hii mimi ni mtu wa namna gani. Lakini macho yake yalianza kugeuka, na wazo likanijia: huyu akifa sasa atakufa hajui kitu. Atazikwa kama mzee mwema, kwaya itaimba, na mimi nitabaki peke yangu na habari hii. Nilimtaka ajue. Basi nikafungua kichupa, nikachovya kidole, nikamwingizia asali kwenye fizi, juu na chini, tena na tena, kama nilivyofundishwa nikiwa nimechelewa. Alinilamba kidole. Nikageuza uso, kwa sababu mwingine pia alikilamba kidole hicho.

Alirudi taratibu. Mwenye kituo alileta chupa ya sucré, soda ya sukari, nikamnywesha, nikamvunjia mkate, naye akala bila kuuliza habari za maombi. Kisha akatazama kitenge kilichomfunika katika jua lile. Akatazama kichupa, akatazama kidole changu. Alikuwa daktari wa mifugo maisha yake yote, hakuhitaji nimfafanulie. Niliona kitu kikipita usoni mwake, kikarudi, kikakaa.

"Ile mbwa," alisema. "Haikuwa baridi."

"Hapana, Docteur."

"Ilikuwa njaa. Ni miye nilisema afunge." Akakionyesha kichupa. "Asali ulikuwa nayo ku nyumba?"

"Juu ya kabati."

Alifunika uso kwa vidole vile vya zambarau. Wakaita abiria wa Butembo. Nikamwambia yeye asisafiri, nikampigia binti yake simu mpaka akasema yuko njiani, nikakikunja kitenge changu, nikaacha kichupa mapajani mwake. Nilipokwisha kukaa ndani ya gari alikuja dirishani, akijishikiza kwenye bati la mlango.

"Mama," aliniuliza, "jina yake ilikuwa nani?"

Nilimtazama. Aliuliza tena. Gari likaondoka.

Aliitwa Bijou. Wewe nimekuambia. Yeye, hapana.